Kuibiwa Utamaduni Wetu wa Kuvaa Nguo za Watu

Ndugu Mhariri wa Ukurasa wa Mitindo na Burudani,

Kwa heshima, taadhima na mikono iliyonawishwa, naomba nafasi ndogo niutangazie umma kwamba suruali yangu imeingia kwenye mtindo bila idhini yangu. Jambo hili limenipata ghafla. Nilitoka nyumbani asubuhi nikiwa mtu wa kawaida, mpiga pasi kwa dobi, nimevaa suruali ya kijivu iliyokunjwa mara tatu kwa chini. Nilipofika kwenye kona ya duka la dawa, nilikuwa tayari ni mtu wa kisasa. Sikuumwa kwanza, wala hakuna aliyenionya.

Mimi ni msomaji wako wa siku nyingi, ingawa nakusoma kwa kuchelewa. Gazeti lako hutufikia likiwa la kujazia mabega ya makoti ili yasilegee kwenye henga. Elimu yangu yote, Ndugu Mhariri, nimeipata mabegani mwa watu. Siasa ya mwaka juzi naijua vizuri sana. Ndiyo maana nilishtuka mteja mmoja alipotufungulia toleo lako likiwa bado bichi, halijagusa bega la mtu, lenye kichwa cha habari cha kurasa mbili: MALKIA ABUNI MTINDO WA MAYATIMA. Chini yake palikuwa na picha ya yule mwimbaji ambaye ninyi mnamwita Malkia, na sisi tunamfahamu kama mteja wa doa la wino. Alikuwa amevaa suruali ya kijivu, mikunjo mitatu. Na kwenye sikio, kwa pini ya dhahabu, ametundika tiketi ya dobi.

Hapo ndipo nilipoiweka pasi pembeni, kitu ambacho sijawahi kufanya ikiwa ya moto.

Kwa ajili ya wasomaji wasiotufahamu, naomba nieleze. Duka letu lina chumba cha mbele chenye kaunta na kengele, chumba cha kati chenye mashine na mvuke, na ua wa nyuma wenye kamba. Kati ya mvuke na ua ipo rafu ndefu, na kwenye rafu hiyo hukaa nguo ambazo wenyewe walizileta na hawakurudi kuzichukua. Watu huhama. Watu hufa. Wengine hunenepa wakaona aibu kuja kuthibitisha. Nguo ikikaa mwaka mzima bila kuulizwa, sisi huiita yatima, na yatima haachwi aliwe na nondo. Mfanyakazi humchukua, akamvaa. Huo ndio utamaduni wetu, nami nilirithishwa na walionitangulia kwenye mvuke.

Utamaduni huu una sheria zake, si kama watu wanavyodhani kwamba tunajivalia tu. Kwanza, huchagui wala hukatai. Yatima huja kwa zamu, na aliyeachwa mara moja hastahili kukataliwa mara ya pili. Mkamuaji wetu, mtu mwenye kifua kama mlango wa ghala, ana mwaka wa pili sasa ndani ya kizibao cha mhudumu wa hoteli kinachoishia kwenye mbavu. Mimi ni mfupi, nikaangukiwa na suruali ya mtu mrefu. Pili, tiketi haitolewi. Kile kikaratasi cha namba kinachobanwa kwenye nguo siku inapopokelewa hubaki palepale kikining'inia, kwa sababu mwenyewe anaweza kutokea wakati wowote na nusu yake ya tiketi, na wewe ukavua. Mwizi huficha. Sisi tunatembea na ushahidi umebanwa kiunoni.

Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri maungo. Nawaheshimu, lakini inaonekana hakuna hata mmoja wao aliyepata kufanya kazi kwa dobi. Mimi nguo za watu zimenisitiri tangu ujana, mbele na nyuma.

Sasa Malkia. Alikuja na blauzi nyeupe yenye doa la wino, akiwa amevaa miwani myeusi ili asitambulike na kuleta walinzi wawili ili atambulike. Akaambiwa doa ni la kusubiri. Akaketi kwenye benchi, simu yake ameilaza kaunta, akatutazama tukifanya kazi mpaka alipochoka, akaondoka akisema atarudi kuichukua. Nilidhani anatuonea huruma, nikamwonyesha uso wa mtu anayestahili. Kumbe mwenzangu ananakili.

Malalamiko yetu ni haya, nimeyawekea namba ili yasichanganyike kama soksi:

1. Kuhusu suruali. Ukurasa wako umeandika kwamba mikunjo mitatu ya Malkia "inaashiria safari tatu za mwanamke: kuzaliwa, kupenda na kujitambua." Ndugu Mhariri, mikunjo mitatu inaashiria kwamba mwenye suruali alikuwa mrefu. Ningekuwa mfupi zaidi ingekuwa minne, na sijui mngeiongezea safari ipi. Lakini hilo si kubwa. Kubwa ni kwamba kwenye ile kona ya duka la dawa kijana mmoja aliyekunja suruali kama mimi alinikagua kutoka chini mpaka juu, akawaambia wenzake, "Oneni na huyu mzee! Umri wote huo anamuiga Malkia." Wakacheka. Mwingine akanionea imani, akanishauri, "Mzee wangu, umejitahidi, ila mikunjo yako haiko sawa. Kushoto umezidisha." Nimeivaa suruali hii tangu kijana huyo akiwa anafutwa kamasi. Leo mimi ndiye feki.

2. Kuhusu tiketi. Tangu Malkia atundike tiketi sikioni, vijana hawataki tiketi za kuandika wenyewe, eti hazina uhalisia. Wanataka zilizokwisha kuloana na kukauka. Basi huja dukani kwa kisingizio cha kuuliza bei, wanapenyeza mkono, wanachomoa. Tunabaki na rundo la nguo zisizo na baba wala mama. Wiki iliyopita mwalimu mkuu wa shule ya jirani alipewa suruali ya mpishi, akaivaa kwenye kikao cha wazazi, akagundua alipoingiza mkono mfukoni kutafuta chaki akatoa kijiko. Mpishi naye alipokea shela. Hakuirudisha, na sisi hatukumuuliza.

3. Kuhusu wimbo. Hapa naomba wasomaji wakae chini. Mashine yetu moja ni kongwe na mguu wake mmoja ni mfupi, tumeuegemeza kwa kipande cha tofali. Tunaiita Babu. Babu akishiba nguo hugonga ukuta, dugu-du-du, dugu-du-du, du, na akizidiwa hutema maji kwenye miguu ya Bibi Povu, ambaye ndiye mfuaji wetu mkubwa kwa umri na kwa sauti. Bibi Povu haogopi mashine wala mwenye mashine. Humwimbia: "Babu meza, usiteme! Babu meza, mchana bado!" Hayo ni maelekezo ya kazi. Ni sawa na kumwambia dereva akunje kushoto.

Leo hii ndicho kiitikio cha kibao cha Malkia kinachopigwa kwenye kila saluni, kila harusi, na kwenye simu ya mke wangu ninapomsubiri apokee. Ile simu iliyolala kaunta haikuwa imelala. Nimemsikia mtangazaji wa redio akisema kwamba ule mdundo wa mwanzo wa wimbo ni "mapigo ya moyo wa bara zima." Ni tofali. Mchambuzi mmoja akaeleza kwa urefu kwamba Babu ni historia, na kumeza ni ustahimilivu wa wanyonge. Mheshimiwa fulani akaupiga kwenye mkutano wake, akawasihi wananchi wameze. Wamemeza. Anayetema mpaka leo ni Babu peke yake.

Najua kuna wakosoaji watakaoniuliza Bibi Povu aliitoa wapi sauti ya huo wimbo. Sifichi. Aliitoa kwa muuza aiskrimu aliyekuwa akipita na kigari chake chenye kengele ya muziki. Lakini muuza aiskrimu hakuwahi kulalamika, na tena siku hizi hapiti, na kitu cha mtu asiyepita ni sawa na yatima. Ona jinsi utamaduni wetu ulivyo na mantiki.

Kilichotuumiza zaidi ni kwamba Tajiri, yaani mwenye duka, alileta fundi aje kumrekebisha Babu mguu, maana wateja wanaokuja kupiga picha wanataka kumsikia akigonga "kama kwenye rekodi", na kwenye rekodi anagonga kwa adabu kuliko alivyo. Bibi Povu akasimama katikati na beseni lake. Akamwambia fundi, "Mwanangu, mguse. Ukishamnyamazisha, wewe ndiye utakayeimba hapa kutwa." Fundi akakumbuka ana kazi mahali pengine.

4. Kuhusu wenye mali kurudi. Hili, Ndugu Mhariri, hatukulitegemea. Mtindo uliposhika moto, watu walianza kukumbuka. Wale waliotuachia nguo wakahama mtaa, wale tuliowahesabu marehemu, wale walionenepa, wote wamefufuka na kukonda kwa pamoja. Wanakuja na nusu zao za tiketi zilizokaa miaka kwenye makabati, wanadai mayatima wao, kwa sababu yatima halisi sasa ana hadhi kuliko nguo mpya. Mkunjaji wetu amevuliwa koti. Wa kwenye kamba amevuliwa sketi, tukamfunga pazia. Mhudumu wa hoteli alikuja kudai kizibao chake, akakiona kilipo, akakiangalia kifua kilicho ndani yake, akasema ameingia duka silo.

Na mimi nikafikiwa. Nilikuwa naweka ubao nje ya duka, nikaona kivuli kirefu kimenifunika. Nikageuka, nikamwona bwana mmoja ambaye ilinibidi nimtazame kwa hatua mbili, kwanza kifua halafu uso. Akasema kwa upole kabisa, "Ndugu yangu, samahani, hiyo suruali ni yangu." Nikamuuliza, "Miaka yote hii ulikuwa unavaa nini?" Akajibu, "Nilikuwa na nyingine." Nusu ya tiketi ikaoana na nusu ya kiunoni kwangu kama pacha. Nikaingia ndani, nikavua, nikaipiga pasi kwa mara ya mwisho, nikamkabidhi. Alipoipokea akaniomba kitu kimoja tu: "Hiyo mikunjo usiikunjue, tafadhali. Ndiyo yenyewe." Mtu mrefu kama yule, Ndugu Mhariri, akaondoka na suruali inayomfikia kwenye magoti, anatembea kwa madaha.

Mimi nilivuka barabara nimejifunga shuka la mteja, tiketi ikining'inia. Binti mmoja alinipiga picha. Ukimwona Malkia na shuka mwezi ujao, usiseme hukuambiwa.

5. Namba hii nimemwachia Mkamuaji. Ana lake la kusema, lakini ameenda nyumbani mapema, kizibao kinamzuia kuhema.

6. Kuhusu gauni.

Haya mengine yote ningeyasamehe. Suruali ni suruali. Ila hili la sita ndilo lililoninyanyua kutoka kwenye meza ya pasi nikaja kutafuta kalamu, na naomba mtakapopunguza barua hii ili ienee, mkate kwingine.

Kwenye mwisho wa rafu yetu palikuwa na henga moja iliyofunikwa kwa kitambaa cheupe. Ndani yake gauni la harusi. Bibi harusi mmoja alilileta linyooshwe siku mbili kabla ya shughuli yake, akasema atalipitia, hakulipitia. Hatujui kilichompata, tunaomba kiwe kilikuwa kizuri. Mwaka ukapita. Likawa yatima kama wengine, ila huyu hakupewa mtu mmoja. Wazee wa duka wakakubaliana kwamba litavaliwa na kila binti wa dobi atakayeolewa, na likishavaliwa linarudi kwenye henga kumsubiri mwingine.

Wa kwanza alikuwa dada yangu, aliyekuwa akipokea nguo kaunta. Wa pili ni Bibi Povu mwenyewe, wakati huo akiwa na povu kidogo. Wakafuata wawili wa kwenye kamba. Kila baada ya harusi, Bibi Povu alilifua kwa mkono, mashine haikuwahi kuligusa, na mimi nililipiga pasi kwa kutanguliza kitambaa juu yake, mlango umefungwa vumbi lisiingie. Hakuna nguo duniani niliyoinyoosha kwa uangalifu kama ile. Marinda yake nayajua kwa vidole, hata gizani ningekuambia hili ni la mbele, hili la ubavuni.

Dada yangu hayupo tena. Alituachia binti, aliyekulia dukani miguuni pa mama yake, amejifunza kutembea kwa kushika makapu ya nguo. Tunamwita Kibanio, kwa sababu akishika neno haliachii. Leo ndiye anayepokea nguo kaunta, kwenye kiti kilekile cha mama yake. Jumamosi ijayo anaolewa na kijana mmoja fundi wa baiskeli, mtu mpole, mikono yake ina grisi lakini anajua kunawa. Mimi ndiye mjomba. Sikujaliwa kumpa Kibanio nyumba wala shamba. Kitu nilichokuwa nacho ni kumtoa mlangoni ndani ya gauni la mama yake, limenyooka, asiwepo mtu wa kusema binti yule ametoka peke yake.

Siku Malkia alipokuja kuchukua blauzi yake nilikuwa nimepeleka mashuka. Niliporudi nikakuta henga tupu.

Gauni nimeliona tena kwenye ukurasa wako. Limekatwa kwenye magoti. Mkono wa kushoto haupo. Malkia amelivaa akiwa juu ya mashine ya kufulia ambayo hata si ya kwetu, mashine mpya, miguu yote minne imelingana. Na mwandishi wako ameandika chini: "Kwa mkasi mmoja, Malkia aitangazia dunia uhuru wa mwanamke." Nimeisoma sentensi hiyo mara kadhaa, Ndugu Mhariri, na kila nikifika kwenye mkasi nasimama.

Nilimuuliza Kibanio, ambaye ndiye aliyekuwa kaunta, gauni lilitokaje. Akainamisha kichwa kwenye kapu la soksi. "Mjomba, hebu liache hilo," alisema. Nikamwambia siliachi. "Mjomba, nakuomba." Kibanio hajawahi kuniomba kitu mara mbili. Kwa unyonge huo nikajua jeraha ni kubwa kuliko linavyosemeka, kwamba mtoto ameona gauni la mama yake likitwaliwa mbele ya macho yake na walinzi wawili wenye shingo kama magunia, na ameogopa kutuambia. Mwenye kovu usidhani amepoa.

Kutokana na hayo yote, sisi wa mvuke tunaomba yafuatayo:

a) Malkia arudishe gauni, marinda yake yote, na mkono wa kushoto popote ulipo, kabla ya Jumamosi. Kuunga si kazi yetu, lakini tutaunga.

b) Malkia aje afanye kazi kwa Babu kwa msimu mmoja wa mvua, nguo zikiwa hazikauki, atemewe miguuni, ndipo aimbe. Tunaamini sauti itabadilika.

c) Iwepo sheria kwamba mtu asivae nguo ya kazi ambayo hajatokwa nayo jasho. Anayetaka aproni ya bucha, achinje. Anayetaka koti la daktari, angalau aumwe. Vijana wanaovaa ovaroli za gereji wakiwa hawajawahi kulala chini ya gari, walazwe.

d) Sheria hiyo isibague, ili tusionekane tuna chuki na wasanii. Kila mtu arudishe kila alichochukua kwa mwenzake. Majaji warudishe nywele za bandia kwa waliozibuni. Waliovaa tai wazirudishe zilikotoka. Suruali yenyewe irudi kwa mtu wa kwanza aliyechoka kuchanwa na miiba, apewe na shukrani. Walimu warudishe herufi. Wapishi warudishe chumvi. Muuza aiskrimu atafutwe arudishiwe sauti, naye aseme aliitoa wapi.

e) Nimelipigia hesabu jambo hili wakati pasi ikipata moto, nikaona kwamba kila mtu akirudisha cha mwenzake, ifikapo jioni ya siku hiyo binadamu wote watabaki na ngozi, na hata hiyo tumerithi. Hapo hakutakuwa na nguo za kufua. Kwa hiyo sheria ianze kutumika kwa watu wote isipokuwa madobi, ambao kwa asili ya kazi yao ni lazima wabaki na nguo za watu.

Ukiona ombi la mwisho lina upendeleo, kumbuka kwamba mkuki kwa nguruwe ni mtamu, na leo nguruwe ndiye ameshika kalamu.

Nisikuchoshe. Nakusalimu wewe na familia yako, mpiga picha wako aliyemwangaza Malkia vizuri mpaka tukaona sindano ilipopita, mlinzi wa mlangoni kwenu ambaye naamini ana kizibao, na yule ndugu anayetunga chemshabongo. Mwambie ile ya bega la kushoto la koti la kahawia, saba kwenda chini, tumeitafutia jibu duka zima na halipo. Tajiri anakusalimu kwa sababu anapenda kusalimu magazeti. Bibi Povu hakusalimu, ila amesema akikuona atakuambia. Babu anagonga.

Nabaki, wako katika kuyanyoosha yaliyokunjamana,

Mpiga Pasi,
kwa niaba ya wote wa mvuke, kamba na kaunta.

Baada ya sahihi: Nilimpa Kibanio barua hii aipitie kabla sijaituma, kwa sababu yeye amesoma shule yenye madirisha. Alianza kusoma amesimama. Alicheka kwenye tofali. Alipofika namba sita akavuta kiti, akakaa, akasoma mpaka mwisho bila kuinua uso, halafu akasema, "Mjomba, gauni nilimpa mimi."

Nikamwambia haiwezekani, walimlazimisha. Akasema, "Nani alazimishe? Aliuliza tu kile kilichofunikwa ni nini. Mimi ndiye niliyemkimbilia nalo mpaka kwenye gari, asije akabadili mawazo."

Nikamuuliza kwa sauti ambayo sikuipenda: gauni la mama yako?

"Mama ndiye aliyenionya," akasema. "Aliniambia, mwanangu, siku yako ikifika, lile gauni likimbie. Lilimbana mpaka hakuweza kula keki yake mwenyewe."

Nikamwita Bibi Povu awe shahidi wangu. Hakugeuka hata kichwa kutoka kwenye beseni. "Mimi nilisema nimekubali kabla sijaulizwa, ili nikakae chini nilegeze," alisema. "Watu wakasema, ona mapenzi hayo." Akaongeza kwamba na wale wawili wa kwenye kamba waliolewa wakiwa wazi mgongoni kuanzia shingoni hadi kiunoni, wamebanwa kwa vibanio vya kuanikia, na shela ikafunika.

Nikawauliza kwa nini miaka yote hakuna aliyeniambia. Wakatazamana. Kibanio akasema, "Mjomba, tungekuambiaje? Ulikuwa ukilipiga pasi, machozi yanakutoka."

Ni mvuke ule, Ndugu Mhariri.

Kibanio anashonewa gauni na fundi wa ng'ambo ya barabara. Amepimwa. Ameniomba nilipige pasi Ijumaa, nimekubali. Kwa hiyo ombi la kwanza lifute, na la pili, na haya mengine fanya utakavyoona. Jana mlinzi mmoja wa Malkia alileta mashati yake mwenyewe, nikamuuliza, kwa kuwa alikuwepo, ule mkasi ulikuwa na maana gani hasa. Akasema Malkia alilikata kwa sababu halikumtosha.